Shamba la Mama Wanja na Viazi Tulivyokula

Kila nikialikwa kuzungumza nanyi vijana mnaoanza kazi ya maabara, huwa hamkosi kuniuliza swali moja: je, mnyoo wa viazi anaonekana kwa macho? Nami hujibu kwamba anaonekana, ila mimi nilimwona nikiwa tayari na sufuria mekoni. Mnacheka, nami nacheka nanyi. Kisha narudi nyumbani kwangu nyuma ya Adams Arcade, navua viatu, nakaa, na hamu inanishika. Ni hamu ya shamba la nusu ekari lililokuwa bondeni, chini ya mtaa wa Kitisuru hapa Nairobi, na ya miaka ile ambayo niliweza kuteremka huko na ndoo yangu wakati wowote.

Jina langu ni Mwikali, mtu wa Machakos, na kwa zaidi ya miaka thelathini nililipwa kutambua minyoo fundo. Kwa wale ambao hawajakutana nao, ni wanyama wadogo sana wanaoingia ndani ya mzizi. Jike akishaingia hatoki tena. Hukaa palepale akinenepa mpaka anakuwa kama kibuyu cheupe kidogo kuliko kichwa cha sindano, na mzizi unavimba mafundo mafundo kumzunguka. Kwenye kiazi hujificha chini ya ganda, na mahali alipo hapana la kuonyesha ila kitone cha rangi ya kahawia. Mkishika hilo la kitone, mtaelewa aibu yangu inakotoka.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Gathua. Alikuwa mzaliwa wa hukuhuku Kitisuru, ambako babu zake walilima hivi vilima kabla havijajaa mageti na mbwa wakali. Alikuwa mfupi, na alikuwa na sweta moja ya kijani ambayo sikuwahi kujua aliifua lini. Siku yangu ya kwanza alijing'oa unywele wa kope, chozi likamtoka, akaugundisha kwenye kijiti cha kuchokonolea meno na kunikabidhi.

"Hii ndiyo jembe yako," akasema.

Nilidhani ananitania. Kumbe sindano humtoboa mnyoo, lakini kope humwinua kutoka kwenye tone la maji akiwa mzima. Nilitumia kope za Mzee Gathua miaka mitatu kabla sijapata ujasiri wa kung'oa zangu. Ninyi leo mnaweka kipande cha mzizi kwenye mashine, mnaenda kunywa chai, mnarudi mnakuta jina la mnyoo limeandikwa. Sina ugomvi na mashine. Ninachouliza tu ni kama mashine imewahi kumtoa mtu chozi siku ya kwanza kazini.

Sisi tulikuwa tukimkata jike sehemu ya nyuma, kipande kidogo kuliko punje ya chumvi. Tulikisafisha kwenye asidi ya maziwa, tukakilaza kwenye kioo na kukitazama kwa hadubini. Huko nyuma mnyoo ana mistari, kama ile ya kidole gumba tunachopakwa wino siku ya kuchukua kitambulisho, na kila aina ina mistari yake. Mmoja ana tao lililoinuka juu. Mwingine ana mistari miwili iliyokata ubavuni. Yule wa sehemu zetu za baridi ana mistari laini ya mviringo, na karibu na mkia ana vitone kama chumvi iliyonyunyizwa. Mkiona hiyo chumvi, shukuruni, kwa sababu huyo hali mahindi wala nyasi. Yule mwenye tao, ukimpandia mahindi umemwandalia harusi. Mkulima atapanda kulingana na jina utakalompa, kwa hiyo usilitoe kwa kubahatisha. Ukimpelekea Mzee Gathua jina bila mchoro, alikuwa anageuza kiti chake na kukuonyesha mgongo.

Kuna kijana mmoja tuliyefanya naye kazi ambaye aliandika kwamba shamba zima la maharagwe lina minyoo kwa sababu aliona vibonge kwenye mizizi. Mwenye shamba nusura azirai. Mzee Gathua akashika mzizi, akakwangua kibonge kwa ukucha, kikang'oka. Vile vibonge vya maharagwe ni vya heri, hurutubisha udongo, na hung'oka kirahisi kwa sababu vimejibandika tu ubavuni. Fundo la mnyoo haling'oki hivyo, kwa kuwa ni mzizi wenyewe uliovimba. Kwa hiyo msikate kucha zenu mpaka mwisho.

Nilimcheka sana yule kijana, na wiki chache baadaye nikapatikana mimi, mwenye zaidi ya miaka ishirini kazini.

Mzee Gathua alikuwa likizo. Asubuhi moja akaja mama wa makamo, kitambaa kichwani, kiondo mkononi. Langoni alikuwa amevua gambuti zenye matope na kuvaa viatu vya Jumapili, ndipo akaingia ofisini. Alijitambulisha kuwa Mama Wanja, wa kule bondeni.

"Kakangu ametuma magunia ya mbegu kutoka Kinangop," akasema. "Nimeambiwa nyinyi mnaweza angalia kama hiyo viazi iko safi. Shamba yangu haijawahi kuwa na ugonjwa, na sitaki kuiletea."

Nikafungua kiondo. Viazi vilikuwa vimeoshwa, vikaanikwa, vikapanguswa. Vyote vilikuwa ukubwa mmoja na ganda laini, hakuna chenye kovu. Nikavisifu, naye akafurahi.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na wote wawili tulilifanya kwa sababu tulilelewa vizuri. Uwe Mkamba uwe Mkikuyu, hubebi chakula kibaya kwenda kwa watu. Mama Wanja alikesha akichagua vilivyo bora ili asiniaibishe wala asijiaibishe. Nami nilivipokea kama mgeni anavyopokea zawadi. Nilipaswa kumrudisha nyumbani palepale, nimwambie: niletee vibaya kabisa, vyenye matope yao, na udongo wa kule vilikotoka. Mgonjwa haendi hospitali akamtuma ndugu yake mzima akapimwe badala yake. Lakini nani angemwambia mama mwenye viatu vya Jumapili maneno kama hayo? Nikatazama viazi vinne kwa kioo cha kukuzia, sikuona uvimbe, nikaandika kwenye karatasi kwamba mbegu ni safi, nikatia sahihi. Akaniombea baraka na kuondoka.

Viazi vikabaki mezani. Ilikuwa Ijumaa, mimi na wenzangu wawili tulikuwa na njaa, na jiko la kuchemshia chai lilikuwa hapo kando. Tukavimenya. Ndani ya kimoja nikaona vitone vya kahawia, kama vitano hivi, chini kidogo ya ganda. Mkono wangu haukuniuliza. Ukachimba vitone kwa ncha ya kisu, ukatupa, ukaendelea na kiazi kingine, kama mama alivyonifunza na kama mama zenu walivyowafunza. Tukapika na nyanya na dhania. Havina madhara kwa mlaji, msiogope, na vilikuwa vitamu.

Jumatatu Mzee Gathua akarudi kazini, akasoma daftari.

"Hii sampuli ya Mama Wanja iko wapi?"

"Mzee, tulikula."

"Mlikula."

"Ingeharibika."

Akavua miwani. "Ilikuwa tamu?"

"Sana."

"Na mkimenya, mliona nini?"

Nikafungua mdomo kumjibu, na kabla sijamaliza sentensi nikajisikia ninachosema. Nilikuwa nimewaona majike kwa macho yangu mwenyewe, nikawachimba kwa kisu cha jikoni na kuwatupa kwenye takataka, huku hadubini ikiwa hatua tatu kutoka nilipoketi.

Tuliteremka bondeni saa hiyohiyo, kwa miguu, tukipita kuta ndefu za Kitisuru zenye bogenvilia mpaka kile kichochoro kilichoshuka kwenda mtoni. Shamba lilikuwa zuri mno. Udongo mwekundu, laini, mistari imenyooka. Mama Wanja alikuwa amepanda Jumamosi kwa msaada wa akina mama wa kanisani kwake, na siku hiyo walikuwa wamerudi kumalizia kona ya mwisho. Walikuwa wameketi wakinywa chai, majembe yamelala kando yao. Mzee Gathua akaniinamia sikioni.

"Sema wewe. Karatasi ni yako, na mimi hivyo viazi sikuviona."

Vijana, ningepewa nafasi ya kurudia dakika moja ya maisha yangu, nisingechagua siku ya harusi yangu wala siku ya kumzaa kifungua mimba. Ningechagua ile. Mikono ya kufukua ilikuwepo. Mvua ilikuwa bado haijanyesha. Mbegu ilikuwa ardhini siku mbili tu. Ningesema, "Mama Wanja, nilikosea, fukueni yote leo," wangelalamika, wangenicheka, na kabla ya saa kumi wangekuwa wamemaliza.

Badala yake nikasema, "Mama Wanja, huenda kuna shida kidogo kwa ile mbegu."

"Kidogo?"

"Kidogo tu."

Akatazama mistari yake, akatazama mawingu yaliyokuwa yakikusanyika upande wa Ngong. "Kama ni kidogo," akasema, "wacha tumwachie Mungu." Akanimiminia chai, nami nikainywa.

Tulipofika tena barabara ya lami, Mzee Gathua akasimama. "Mwikali," akasema, "umemwonea mama huyu haya, na umemharibia shamba." Nililia pale kando ya ukuta wa watu, na mbwa wao akinibwekea.

Siku ya kuvuna Mama Wanja aliniita mwenyewe. Viazi vilikuwa na vipele kama ngozi ya mtu aliyeshikwa na baridi. Mizizi ilikuwa na mafundo madogo madogo, kila fundo limetoa vinyweleo kama ndevu. Nilikata majike ishirini na kuwachora wote mmoja mmoja, na kwa kila mmoja nikaona chumvi karibu na mkia. Angalau jina lilikuwa na nafuu ndani yake. Nikamwambia Mama Wanja apande nepia, ile nyasi ndefu ya ng'ombe, shamba lote, kwa miaka mitatu au minne, mpaka mnyoo afe njaa. Asipande viazi, nyanya wala karoti. Na safari hii nikamwambia yote, la Ijumaa, la sufuria, la kisu, na kwamba ile "kidogo" ilikuwa uoga wangu.

Alikuwa na haki ya kunifukuza.

"Mimi nimezaliwa nikikula viazi ya hii shamba," akasema. "Sasa nitanunua viazi kwa soko, kama mtu wa ghorofa?" Kisha akafunga leso yake upya. "Utakuwa ukija kuangalia?"

Nikamwahidi nitakuja kila msimu, mpaka siku nitakapomwambia apande.

Na nilienda. Nilikata kona kwa kona shamba zima nikichota udongo sehemu ishirini, nikauchanganya kwenye ndoo, nikabeba kiasi cha mikono miwili. Maabara unautandaza juu ya karatasi ya tishu, tishu juu ya kichujio, kichujio kwenye trei ya maji. Mnyoo aliye hai huteremka mwenyewe majini, na kesho yake unamhesabu. Kisha narudi bondeni kutoa habari.

"Bado?" ananiuliza akiwa mlangoni.

"Bado, Mama Wanja."

"Haya, ingia ukule."

Nami nilikuwa nakula. Ugali na managu, wengine huita mnavu, yaliyokaangwa kwa kitunguu na maziwa ya mtindi kidogo, mpaka leo sijapata mfano wake. Tulizungumza habari za watoto, za kwaya yake, za wazee wetu. Miaka mitatu ikapita, minne, mitano. Wakulima wengine niliowapa ushauri uleule walikuwa wameshapona na kurudia viazi, lakini trei ya Mama Wanja haikukosa minyoo. Sikuelewa. Nilikagua michoro yangu yote upya nikidhani nimekosea jina. Mzee Gathua alikuwa amestaafu, kisha akafariki, na sikuwa na wa kumuuliza.

Siku moja, mwaka wa sita, niliomba niongezewe mboga. Zilikuwa zimekwisha. Mama Wanja akachukua beseni, akatoka, na kabla sijamaliza kunywa maji akarudi limejaa.

"Mama Wanja, managu unatoa wapi?"

"Si hapo tu."

"Hapo wapi?"

"Ndani ya nepia. Hata sijapanda, inamea yenyewe. Ni Mungu."

Nikaweka kijiko chini. Managu na kiazi ni watoto wa shangazi na mjomba, na mnyoo anayekula kiazi hula managu bila kuuliza. Miaka sita yote nilikuwa nikienda kuhesabu minyoo, halafu naketi kula mboga iliyowafuga.

"Mama Wanja! Hiyo managu ndiyo inawalisha!"

"Wewe ulisema viazi, nyanya, karoti," akanijibu, mkono kiunoni. "Managu hukutaja. Na umekula kuliko hao minyoo wako!"

Alikuwa na haki. Mara ya pili nilikuwa nimekula ushahidi. Tulibishana, kisha tukacheka mpaka akaketi chini. Kesho yake akang'oa managu yote, shina kwa shina, na najua ilimuuma, kwa sababu aliyapenda kuliko mimi. Wala msije mkamshauri mkulima kabla ya kumuuliza kinachomea bila kupandwa.

Baada ya hapo hesabu ikaanza kushuka. Makumi yakawa vidole vya mkono, kisha mmoja, kisha trei ikawa tupu. Mimi nami nilikuwa nakaribia kustaafu. Lakini trei tupu si uthibitisho, maana huenda mayai yamelala. Kwa hiyo nikajaza udongo wake kwenye vyungu sita, nikapanda miche ya nyanya, chakula wanachokipenda, nikangoja wiki sita. Kwenye wiki yangu ya mwisho kazini nikang'oa ile miche na kuosha mizizi polepole chini ya bomba. Ilikuwa myeupe na myembamba, haina fundo hata moja. Nikaikata, nikaitazama kwa hadubini kutwa nzima. Hapakuwa na kitu.

Nikateremka bondeni karibu nikikimbia, mwanamke wa umri wangu.

Nilikuta mabati yamezungusha shamba. Ndani tingatinga lilikuwa linachimba msingi, na lori lilikuwa linapakia udongo mwekundu. Soja, mlinzi wa lango, akanizuia.

"Madam, hapa sasa si njia."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Waliuza. Yule mathe amechukuliwa na msichana yake, Spring Valley."

Nikamwomba dakika moja. Nikaokota bonge moja la udongo lililoanguka kutoka kwenye lori, nikaliponda kiganjani. Sijui nilikuwa natafuta nini.

Jumamosi nilienda Spring Valley. Wanja, bintiye, aliniingiza sebuleni akatuletea chai na kutuacha. Mama Wanja alikuwa amekaa karibu na dirisha, miguu juu ya kigoda, kwa sababu magoti yalikuwa yamekataa lile teremko la bondeni.

"Hukuniambia mnauza," nikamwambia.

"Ningekuambiaje, na wewe ulikuwa na nyanya zako kwa vyungu? Sikutaka kukuharibia."

Nikamwuliza swali nililokuwa nimelibeba tangu kwa soja. Shamba lenye viazi mtu haliuzi hivihivi, lina watu wa kulilima na kula mazao yake. Shamba la nyasi watoto huliona halina kazi. "Kama nisingekosea siku ile, ungeuza?"

Hakunidanganya. "Sijui, Mwikali. Labda ni magoti yameuza. Labda ni nepia." Kisha akajisogeza mbele kitini. "Lakini nyanya zilisema nini?"

"Limepona, Mama Wanja. Hakuna hata mmoja."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akafumba macho. Machozi yalimshuka, na mimi nilikuwa tayari nalia. Ninawaambia ukweli, nilitamani minyoo wangekuwepo, ili hasara iwe ndogo. Shamba lilipona, na mwenyewe hakuwepo kulikanyaga.

Kisha akajipangusa kwa leso. "Sasa ungesema nipande lini?"

Nilidhani amechanganyikiwa. Nikamtazama usoni, nikaelewa kwamba ananingoja.

"Mvua ikinyesha mara mbili," nikasema. "Si ya kwanza."

"Tungeanzia chini, kwa mto."

"Chini kuna maji mengi. Tuanzie juu kwa mlango wako."

"Haya, juu. Mbegu gani? Si ile ya siku hizi inachipuka kabla ufike nayo nyumbani."

"Ile nyekundu ya zamani. Na utaniletea vibaya kwanza, na matope yao."

"Nitakuletea vibaya kabisa," akasema. Akainua mkono na kunionyesha ukutani mstari wa kwanza utakapopita, na mahali tutakapopindia. Wanja alichungulia kutoka jikoni akauliza ni shamba gani tunalima. Hakuna aliyemjibu, kwa sababu tulikuwa tumefika katikati ya shamba na bado mbegu ilikuwa inatosha.